Apoe Ndipo Apone

Magdaline Watiri hakuwahi kumlaza mtoto bila soksi. Kule Kangari, ambako mashamba ya chai huanzia nyuma ya jikoni na kushuka hadi mtoni, baridi ya Julai huingia hata ndani ya mashuka, na Watiri alikuwa na sababu yake ya kuiogopa. Mwanawe wa pili, Wamae, alikufa kwa nimonia kabla hajaanza kutembea. Tangu hapo kila mtoto aliyepita mikononi mwake alivikwa kofia, sweta mbili na soksi nzito, mpaka majirani wakawa wanamtania kwamba analea watoto kama kuku anayeatamia.

Aliyefunikwa kuliko wote alikuwa mjukuu wake, Shiro. Shiro alizaliwa na tundu moyoni, na njia ya kupeleka damu kwenye mapafu ilikuwa nyembamba mno. Akilia kidogo tu, midomo iligeuka zambarau. Akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye boma la ng'ombe, alichuchumaa katikati ya njia, magoti kifuani, akingoja pumzi imrudie. Mama yake, Nyawira, binti wa Watiri, alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Nanyuki na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Basi ni Watiri aliyembeba mgongoni akichuma chai, na ni yeye aliyejua kumkunja magoti haraka alipoanza kuzimia. Shiro alimwita Cucu, yaani nyanya, na alilitamka neno hilo kwa vipande, maana hakuwa na pumzi ya kulimaliza mara moja.

Mtoto alikuwa na miaka minne wakati hospitali moja ya misheni huko Nyeri ilipopiga simu. Madaktari wa kupasua moyo wangekuwa hapo mwezi wa Julai, na zamu ya Shiro ilikuwa imefika.

Siku ya upasuaji Watiri alikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi bila kula. Mchana ukiwa umeanza kupoa, Daktari Mwangangi alitoka. Alikuwa daktari wa moyo wa watoto, mtu wa Machakos, mrefu, mwenye kuongea polepole.

"Mama, tumeziba tundu," alisema. "Na ile njia tumeipanua. Amevumilia vizuri."

Walimvisha Watiri gauni la hospitali na kumwingiza chumba cha wagonjwa mahututi. Shiro alikuwa amelala na mpira wa kupumulia mdomoni, kifua kimefungwa bendeji, waya kila mahali. Lakini Watiri hakutazama waya. Alitazama midomo. Aliporudi ukumbini alimpigia Nyawira simu, akashindwa kuizuia sauti yake.

"Ako na midomo nyekundu! Nyawira, nimeona na macho yangu. Nyekundu kama ya watoto wengine!"

Nyawira alilia upande wa pili. Alisema amepewa ruhusa, atafika kesho.

Asubuhi iliyofuata Watiri alikuta pazia la kitanda cha Shiro limevutwa. Mashine ilikuwa ikilia mlio mwembamba usiokoma, na nyuma ya pazia miguu ya watu ilikuwa ikienda huku na huku. Alipoona muuguzi mmoja akipita mbio na mifuko ya barafu, alidhani ni ya kuhifadhia dawa.

Pazia lilipofunguliwa, Shiro alikuwa uchi isipokuwa nepi. Mifuko ya barafu iliyofungwa kwa vitambaa ilikuwa imepangwa kwapani na kwenye mapaja. Feni ndogo ilikuwa mezani, ikimpulizia moja kwa moja. Julai, Nyeri, mlima haujaonekana kwa wiki nzima kwa mawingu, na mtoto anapulizwa na feni.

"Mnafanya nini?" Watiri aliuliza.

Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda aliitwa Phelister. Alikuwa amehamia Nyeri kutoka Siaya, mwanamke wa mikono ya haraka, na wanawake wa umri wa Watiri aliwaita Shosho, yaani bibi.

"Shosho, moyo wake unakimbia sana. Umefika mia mbili na kitu. Tunampoza."

"Mnampoza? Mtoto ametoka kupasuliwa jana! Mnataka ashikwe na nimonia?"

"Lazima apoe ndipo apone. Daktari atakueleza. Sasa hivi naomba utoke kidogo."

"Mguse huyo mtoto! Ako baridi kama maji ya bomba!"

"Najua, Shosho. Toka kidogo."

Ukumbini Watiri hakuweza kukaa. Alimpigia Nyawira, ambaye alikuwa bado kazini Nanyuki, akingoja kumaliza zamu ya asubuhi.

"Wanamgandisha," alisema. "Wamemvua nguo zote, wamemwekea barafu. Ati ndiyo dawa."

"Mami, usikubali! Waambie wamfunike!"

"Hawanisikii."

"Basi mfunike wewe!"

Ndivyo ilivyokuwa. Baadaye, kabla ya saa sita, walimruhusu kuingia tena aketi kando ya kitanda. Phelister alimwonyesha kiti na kumwambia asiguse kitu. Dawa ilikuwa ikiingia kwa mshipa, na namba kubwa ya kijani kwenye skrini, ile ya mapigo ya moyo, ilikuwa imepungua kidogo. Watiri hakujua kusoma skrini. Alijua kusoma miguu ya mtoto, na miguu ya Shiro ilikuwa ya kijivu, na kucha zake zilikuwa zimepauka.

Mashine ya kitanda cha pili ikalia. Phelister alienda huko, akainama, akaanza kumhudumia mgonjwa wa hapo, mgongo ukiwa upande wa Watiri. Akachelewa.

Watiri aliingiza mkono chini ya gauni la hospitali akafungua leso aliyojifunga kiunoni. Ilikuwa na joto la mwili wake. Alimfunika Shiro kutoka kitovu hadi vidoleni. Akatoa mfuko mmoja wa barafu kwenye paja akauweka sakafuni, kisha wa pili. Akaigeuza feni itazame ukuta. Halafu akaishika miguu ile midogo kwa viganja vyote viwili na kuisugua, kama alivyosugua miguu ya watoto maisha yake yote, akinong'ona jina lake.

Miguu ilianza kupata joto. Alihisi hivyo na moyo wake ukatulia. Aliendelea kusugua. Namba ya kijani ilipanda, ikapanda tena, yeye hakuitazama. Namba nyekundu iliyokuwa chini yake, ile ya presha, ilishuka. Mashine ikalia.

Phelister aligeuka. Hakupiga kelele. Aliruka hatua mbili, akaitupa leso, akarudisha barafu, akaielekeza feni, akabonyeza kitufe ukutani, yote kwa pumzi moja. Ndipo akasema, bila kumtazama Watiri:

"Unamuua."

Watu wakajaa. Watiri alijikuta amesimama ukutani na leso miguuni mwake. Aliona Daktari Mwangangi akiingia akikimbia, akaona sindano ikisukumwa kwenye mpira wa dawa, akasikia mtu akitaja presha na mwingine akisema bado inashuka. Alitazama tu mdomo wa Shiro kando ya ule mpira, na mdomo ulikuwa unapoteza rangi.

Ilichukua muda mrefu. Mlio ulipokatika, Watiri alidhani mtoto amekufa. Phelister ndiye aliyemshika bega.

"Yuko. Presha imerudi kidogo. Kaa chini, Shosho, usije ukaanguka hapa."

Mwangangi alimtoa nje hadi dirishani mwishoni mwa ukumbi. Watiri alingoja afukuzwe. Alikuwa ameshaamua hatajitetea.

"Sikukueleza," daktari alisema. "Ilipaswa nikueleze asubuhi, nikasema nitakuja baadaye. Nisikilize sasa."

Alikunja ngumi mbili, akaweka moja juu ya nyingine.

"Moyo una vyumba juu na vyumba chini. Amri ya kupiga huanzia huku juu. Vya juu vinabana kwanza, vinamwaga damu chini. Amri inafika hapa katikati, mahali ngumi zinapokutana. Hapo kuna kiungo. Kinaishika amri kidogo tu, halafu kinaiteremsha, na vya chini vinabana. Juu, halafu chini. Hiyo kushikwa kidogo ndiyo inavipa vyumba vya chini nafasi ya kujaa."

Ngumi zake zilibana kwa zamu. Watiri alizitazama.

"Tundu tuliloshona lilikuwa jirani na hicho kiungo. Hatukukikata, lakini pale kando pamevimba. Sasa kiungo hakingoji amri ya juu. Kinatoa amri zake chenyewe, haraka haraka." Ngumi zikaanza kubana ovyo, mara zote mbili pamoja. "Vya juu vinasukuma damu wakati mlango wa katikati umefungwa. Vya chini vinabana kabla havijajaa. Moyo unakimbia, na damu haiendi. Umeelewa?"

"Unakimbia bure."

"Bure kabisa. Na joto ndilo linakichochea kile kiungo. Mtoto akipata joto, kinazidi. Akisuguliwa, akisumbuliwa, kinazidi. Akipoa, kinapunguza."

Watiri akauliza swali alilokuwa nalo tangu asubuhi.

"Na mtu akipoa sana, moyo si husimama?"

"Ndiyo," daktari alisema. "Akipoa kupita kiasi, ndiyo. Kuna waya inapima joto la ndani ya mwili wake kila wakati. Akifika nyuzi thelathini na nne tunaacha hapo hapo. Na tumempa dawa, hasikii baridi, wala hatetemeki."

"Na ikikataa?"

Mwangangi alitazama nje, kwenye bustani ya hospitali ambako mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miti.

"Wengi hutulia baada ya siku mbili tatu," alisema. "Si wote."

Watiri alimshukuru. Alikuwa amesubiri uongo, na kama angeupata, pengine angeingia tena na ile leso.

"Nataka kukaa na yeye," alisema. "Nipeeni kitu ya kufanya. Nikikaa bure nitamgusa."

Walizungumza na Phelister. Phelister alimkazia macho, akasema: "Utashika mkono wake. Kushika tu, vidole viwili, usisugue. Na ukiona hii namba ya kijani imepita mia na tisini, uniite. Unaijua mia na tisini?"

"Sijazeeka hivyo."

Hivyo alikaa mchana ule, vidole viwili juu ya mkono baridi wa mtoto. Alisema baadaye kwamba hajawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Hata kupanda mteremko na kikapu kilichojaa chai wakati wa mvua ni afadhali. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kuufunika ule mkono. Namba ilikaa mia na themanini na kitu. Ilipanda. Ikashuka. Kuna wakati ilipita mia na tisini, na kabla hajafungua mdomo Phelister alikuwa tayari amefika.

Alasiri Nyawira aliingia ukumbini akiwa bado na sare ya hoteli chini ya jaketi. Mkononi alibeba blanketi jipya la manyoya laini. Watiri alimwona kupitia kioo cha mlango, akatoka nje upesi na kuufunga mlango nyuma yake.

"Yuko wapi? Mami, umemfunika?"

"Hapana. Na wewe hutamfunika."

Nyawira alimtazama kana kwamba hamjui. "Wewe ndiye unasema hivyo? Wewe?"

"Ni mimi."

"Nimekuja njia yote nikiomba umfunike! Niachie nipite."

Alijaribu kupita. Watiri alimshika kifundo cha mkono. Alikuwa na mikono ya mchuma chai, na Nyawira hakuweza kujinasua.

"Mtoto ni wangu, Mami!"

"Ni wako. Na mimi nimemfunika leo, moyo ukakaribia kusimama. Nimeona na macho yangu ukikaribia kusimama. Nisikilize kwanza, halafu ukitaka kunipiga nipige."

Pale pale mlangoni, Watiri alimweleza bintiye. Alikunja ngumi mbili. Alionyesha juu na chini, akaonyesha kiungo cha katikati, akasema kwamba hakikosi nguvu, kina nguvu kupita kiasi, kimejifanya mkubwa na hakingoji tena. Alikosea kidogo, akarudia. Nyawira alisikiliza huku machozi yakimshuka, na ngumi za mama yake zilipoanza kubana ovyo akafunika uso kwa lile blanketi.

"Sasa tunafanya nini?" aliuliza.

"Tunaingia tukae. Hatufanyi kitu."

Wakaingia. Nyawira aliliacha blanketi kwenye benchi. Alipomwona Shiro uchi kwenye feni, alirudi nyuma hatua moja, na Watiri akamshikilia kiunoni mpaka akapata kiti.

Kabla giza halijaingia, namba ya kijani ilishuka hadi mia na hamsini na kukaa. Mwangangi alikuja na kisanduku kidogo chenye vitufe. Wakati wa upasuaji walikuwa wameacha nyaya mbili nyembamba, ncha zake zimegusa vyumba vya juu vya moyo na mikia yake imetokea kifuani. Alizichomeka kwenye kisanduku.

"Sasa kiungo kimepunguza mwendo," aliwaambia wale wanawake wawili. "Tunaweza kukitangulia. Hiki kitapiga vyumba vya juu haraka kidogo kuliko kiungo. Kiungo kikisikia amri imeshapita, kitaifuata."

"Na kisipoifuata?" Nyawira aliuliza.

Mwangangi alizungusha kitufe taratibu, macho kwenye skrini. Hakuna kilichobadilika. Akazungusha tena. Phelister alikuwa amebana pumzi. Watiri aliliona hilo likamwogofya kuliko kitu chochote siku ile. Mistari kwenye skrini ilijikanyaga, ikayumba, kisha ikajipanga. Namba nyekundu ya presha ikaanza kupanda.

Baada ya muda Phelister aliinama chini ya kitanda, akaunyanyua mfuko wa mkojo uliokuwa mtupu tangu asubuhi, akauinua kwenye mwanga.

"Amekojoa!" alisema. Alicheka kwa sauti. "Angalieni, amekojoa!"

"Kukojoa ndiko kunakufurahisha?" Watiri aliuliza.

"Damu imefika kwenye figo, Shosho. Damu inaenda!"

Haikuishia hapo. Kesho yake Mwangangi alikizima kisanduku kidogo ili aone moyo utafanya nini peke yake, na kiungo kikarudia fujo yake mara moja. Nyawira alitoka nje akatapika kwenye bustani. Wakawasha tena. Barafu ilibadilishwa na kubadilishwa. Dawa iliongezwa. Watiri na Nyawira walipokezana kiti.

Siku iliyofuata, asubuhi, daktari alizima kisanduku tena. Safari hii mistari haikuyumba. Phelister alimvuta Watiri karibu na skrini na kuweka kidole kwenye kioo.

"Unaona huu mlima mrefu? Hivyo ni vyumba vya chini vikipiga. Sasa tazama kabla yake. Kuna kilima kidogo, unakiona? Hicho ni cha juu. Jana hakikuwa mahali pake."

Watiri alitazama. Kilima kidogo, nafasi kidogo, mlima. Kilima, nafasi, mlima. Alikaa akitazama mpaka macho yakamuuma.

Walimrudishia Shiro joto polepole, nusu nyuzi baada ya nusu nyuzi, na kwa kila nusu Watiri aliuma mdomo wake wa chini akingoja kiungo kichokozeke. Hakikuchokozeka. Mpira wa kupumulia ulitolewa. Shiro alikohoa, akatazama dari, akatazama nyuso tatu zilizomwinamia, na kwa sauti iliyokwaruza akasema anataka uji, na usiwe na maziwa.

Alitoka hospitalini Agosti ikianza. Huko Kangari watu walikuja kumwona, na yeye alipandisha blauzi kwa kila aliyeomba na hata kwa wasioomba, akiwaonyesha kovu. Alipelekwa Nyeri kupimwa, kila safari kilima kikiwa mahali pake. Alikimbia. Alimfukuza mbwa. Watiri alipokuwa akichuma chai, ilimbidi ainue kichwa mara kwa mara kumtafuta, kwa sababu mtoto hakuwa tena mgongoni.

Mwishoni mwa mwaka Nyawira alikuja na jambo. Alikuwa amepata chumba kikubwa zaidi Nanyuki, na karibu hapo palikuwa na shule ya chekechea. Alitaka kumchukua Shiro.

Watiri aliendelea kuchambua maharagwe.

"Huko nani atamwangalia ukiwa kazini?"

"Mami, hahitaji tena kuangaliwa hivyo. Anahitaji shule."

"Na akichoka?"

"Atakaa chini apumzike kama watoto wengine."

Watiri alitaka kusema mengi. Alikuwa na miaka minne ya mambo ya kusema. Alimtazama binti yake, akaona kwamba Nyawira pia alikuwa akiogopa, na kwamba alikuwa amejiandaa kugombana.

"Kliniki ni mwezi wa pili," alisema mwishowe. "Usikose. Na mimi nitakuja Nyeri, tukutane huko."

Januari Shiro aliondoka akiwa na begi jipya na viatu vilivyomzidi kidogo. Jioni ile ile alipiga simu kwa simu ya mama yake. Alieleza habari za mwanasesere wa jirani, za choo cha maji, na za askari wazungu wa kambi ya huko aliowaona kwenye lori wakipunga mikono. Alieleza yote kwa pumzi moja, bila kusita hata mara moja, na Watiri, aliyekuwa amesimama nje ya jikoni na simu sikioni, hakuthubutu kumkatiza.